Baridi ya Mlima Si Kinga ya Malaria

Iko imani iliyozoeleka katika Mkoa wa Morogoro kwamba malaria ni ugonjwa wa tambarare, na kwamba aishiye juu katika milima ya Uluguru amekwisha kukingwa na baridi. Imani hiyo husikika sokoni, husikika katika magari yaendayo Mgeta, na mara nyingine husikika hata darasani. Haikuzuka bure, kwa maana ina chembe ya ukweli ndani yake. Lakini chembe ya ukweli si ukweli wote, na katika mambo ya maradhi tofauti baina ya viwili hivyo hulipwa kwa maisha ya watu.

Baridi hupunguza malaria, lakini haiizuii. Nchi zenye baridi kuliko Uluguru ziliugua malaria kwa karne nyingi, na zilipopona hazikuponywa na baridi. Ziliponywa na kazi: kazi ya kutengeneza ardhi, kujenga nyumba bora, kutibu wagonjwa na kuweka hesabu ya ugonjwa mwaka hata mwaka. Jambo hili lina maana kubwa kwa watu wa milimani, na lina maana kubwa zaidi kwa shule zilizoko huko.

Hesabu ya joto

Mji wa Morogoro umekaa kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Nyuma ya mji mlima unapanda ghafla, na baada ya mwendo wa saa chache kwa miguu mtu hufika Morningside, penye nyumba ya mapumziko iliyojengwa enzi za Wajerumani waliotafuta hewa baridi. Vilele vya juu kabisa, upande wa kusini, huvuka mita 2,600. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi za Selsiasi kila mtu apandapo mita 100. Basi ikiwa joto la wastani chini mlimani ni nyuzi 24, kijiji kilichoko mita 1,000 juu zaidi kitakuwa na nyuzi 18 hivi.

Tofauti hiyo ya nyuzi sita humpata kimelea cha malaria mahali pake pa udhaifu. Mbu jike wa jamii ya Anopheles anapomfyonza mgonjwa damu, hawezi kuambukiza mtu mwingine siku ile ile. Ni lazima vimelea vikue kwanza tumboni mwa mbu, kisha vihamie kwenye tezi za mate. Muda wa ukuaji huo hutegemea joto. Kwa Plasmodium falciparum, ambaye ndiye kimelea mkuu wa malaria nchini Tanzania, wataalamu wamezoea kutumia kanuni nyepesi: gawanya 111 kwa joto la wastani lililotolewa 16, nawe utapata idadi ya siku.

Mwanafunzi yeyote aweza kuijaribu kanuni hiyo. Kwa nyuzi 24 jibu ni siku 14. Kwa nyuzi 20 ni siku 28. Kwa nyuzi 18 ni siku 56 karibu. Joto likishuka hadi nyuzi 16 hesabu haiendelei tena, maana kimelea hakikui.

Sasa yafaa kukumbuka kwamba mbu naye hufa. Tuchukue kwa mfano kwamba katika kila mbu 100 hufa 10 kila siku. Katika mbu 1,000 waliofyonza damu yenye vimelea, 230 hivi watakuwa hai baada ya siku 14, tayari kuambukiza. Baada ya siku 28 watabaki 50 na kidogo. Baada ya siku 56 watabaki watatu tu. Hii ndiyo siri ya mlima. Baridi haimuui mbu wala haimwangamizi kimelea. Humchelewesha kimelea hata mbu afe kabla ya kuwa wa hatari. Uchunguzi uliofanywa katika milima ya Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 ulithibitisha jambo hilo nyikani: maambukizo katika vijiji vya chini yalizidi yale ya vijiji vya juu zaidi ya mara elfu moja.

Lakini hesabu hiyo hiyo, ikisomwa kinyume, ni onyo. Kutoka nyuzi 18 hadi 20 ni hatua ndogo mno. Mtu huihisi kwa shida. Hata hivyo, mbu wanaobaki hai hadi kuambukiza hupanda kutoka watatu hadi 50 na zaidi katika kila elfu moja. Tena joto linalohusika si lile la kilima kitupu penye upepo. Mbu apumzikaye ndani ya nyumba yenye moto wa jikoni na watu waliolala huishi katika joto la nyumba hiyo. Kwa sababu hiyo mwinuko ulioandikwa kwenye ramani hautoshi kumhakikishia mtu usalama wake.

Ulaya ilivyougua

Wanafunzi wengi hushangaa kusikia kwamba Uingereza ilikuwa na malaria. Katika karne ya 16 na ya 17 wakazi wa nchi ya majimaji ya Kent, Essex na mashariki mwa Uingereza waliteswa na homa ya vipindi, na michezo ya Shakespeare inaitaja homa hiyo kama jambo linalojulikana na kila mtu. Zama hizo zilikuwa na baridi kuliko leo. Katika baadhi ya majira yake ya baridi mto Thames uliganda kule London. Malaria haikujali. Nchini Finland, penye baridi kali zaidi, ugonjwa ulienea ndani ya nyumba zenyewe: mbu walijificha humo majira ya baridi, wakawauma watu waliolala pamoja katika chumba kimoja chenye moto.

Hapa yapasa kutofautisha. Malaria ya kaskazini mwa Ulaya ilikuwa hasa ya Plasmodium vivax, kimelea awezaye kukua katika joto la chini kidogo kuliko falciparum, tena awezaye kujificha katika ini la mtu kwa miezi mingi na kuamka majira ya joto. Hivyo si haki kusema kwamba yaliyotokea Kent yatatokea Uluguru vile vile. La kujifunza ni sababu zilizouondoa ugonjwa, na sababu hizo hazikuwa moja.

Majimaji yalikaushwa yakawa mashamba. Wakulima walianza kupanda mazao ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi. Ng'ombe wakaongezeka mazizini, na mbu wakapata damu pasipo kumfuata mtu. Nyumba zikajengwa zenye mwanga na vyumba mbalimbali. Kwinini ikashuka bei. Mambo haya yote yalifanyika kidogo kidogo, mengi yake kabla ya mwaka 1897 ambapo Ronald Ross alionyesha kule India kwamba mbu ndiye mbebaji. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari walirudi kutoka Makedonia wakiwa na vimelea katika damu yao, na kuanzia mwaka 1917 baadhi ya wakazi wa Kent waliugua pasipo kusafiri popote. Mbu walikuwapo, vimelea vilikuwapo, na majira ya joto yalitosha. Lakini moto ule haukushika, kwa kuwa wagonjwa walitambuliwa na kutibiwa, na maisha ya watu hayakuwa tena yale ya zamani.

Mahali pengine maisha yaliharibika, na malaria ikarejea. Miaka ya 1922 na 1923, baada ya vita na njaa, mlipuko mkubwa uliikumba Urusi na kufika hata Arkhangelsk, mji ulio karibu na eneo la Ncha ya Kaskazini. Nchini Italia, taifa lilianza kugawa kwinini kwa sheria ya mwaka 1900, na katika miaka ya 1930 mabwawa ya Pontino karibu na Roma yalikaushwa kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili majeshi ya Ujerumani yaliyagharikisha tena mabwawa hayo, na mara malaria ikapanda. Iliondolewa baada ya vita kwa DDT na kwa utumishi wa afya uliofika vijijini, na mwaka 1970 Italia ikatangazwa kuwa imekombolewa. Ugiriki nayo ilikombolewa katika miaka ya 1970, lakini mwaka 2011 wagonjwa walioambukizwa humo humo nchini walionekana tena. Hakuna nchi iliyoshinda malaria mara moja ikawa imeshinda milele.

Mafunzo ya nyumbani

Afrika Mashariki haina haja ya kwenda Ulaya kutafuta mifano yote. Katika miaka ya 1950 mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulinyunyiza dawa ya dildrini majumbani, na malaria ikashuka sana. Unyunyizaji ulikoma mwaka 1959. Mbu na vimelea vikaanza kurejea pole pole. Huko Zanzibar mpango wa kutokomeza malaria ulikuwa umeishusha hadi kiasi kidogo kufikia mwaka 1968, ndipo mpango ukasimamishwa, na haukupita muda mrefu malaria ikarejea kwa kishindo. Visiwa hivyo vilianza upya, na katika karne hii, kwa dawa mseto, vyandarua na unyunyizaji, vimeishusha tena hadi chini ya asilimia moja ya watu. Kushuka huko ni ushindi, lakini ndiko hasa kunakohitaji uangalifu, kwa maana mwaka 1968 pia watu walidhani kazi imekwisha.

Nyanda za juu nazo zimetoa ushuhuda wake. Mvua kubwa za El Niño za miaka ya 1997 na 1998 zilifuatwa na milipuko katika nyanda za juu za Kenya na huko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Wilaya ya Muleba mkoani Kagera imepatwa na milipuko ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Kuhusu Kericho nchini Kenya wanasayansi walibishana kwa miaka: wengine walisema ongezeko la wagonjwa lilitokana na joto kupanda, wengine wakataja usugu wa vimelea kwa klorokwini, misitu kukatwa na watu kuhamahama. Ubishi huo una faida, kwani unaonyesha kwamba anayesema joto peke yake ndilo litakaloleta malaria milimani hukosea vile vile kama anayesema baridi peke yake ndiyo itakayoizuia. Wote wawili wanamsahau binadamu na kazi zake.

Mlipuko wa milimani una ubaya wake wa pekee. Katika bonde la Kilombero, ambalo liko katika mkoa huo huo wa Morogoro, uchunguzi wa miaka ya mwanzo ya 1990 katika kijiji cha Namawala ulionyesha kwamba mtu aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Katika hali hiyo watoto wadogo hufa kwa wingi, lakini wanaonusurika hupata kinga ya kiasi fulani, nao wakiwa watu wazima huugua kwa nadra na kwa wepesi. Mtu wa mlimani hana kinga hiyo. Malaria inapomfikia humkuta mtupu, awe mtoto, awe mama mjamzito, awe mkulima mwenye nguvu zake. Ndiyo maana uhaba wa malaria mlimani ni neema na hatari kwa pamoja.

Uluguru wa leo

Je, Uluguru inabadilika? Kwa macho ya kawaida jibu ni dhahiri. Misitu ya miteremko imepungua kwa kilimo na kuni. Maji ya mto uendao kasi chini ya kivuli hayamfai Anopheles gambiae. Yeye hupenda dimbwi dogo lililotulia linalopigwa na jua. Mti unapokatwa, jua hufika chini. Shimo la kufyatulia matofali, kidimbwi cha kumwagilia mboga na unyayo wa ng'ombe uliojaa maji vyote huweza kuwa mazalio. Namna ya kulima hubadili malaria kwa kiasi kinachopimika: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mifumo mitano ya kilimo wilayani Mvomero ulikuta kwamba maambukizo yalitofautiana kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, ijapokuwa vijiji hivyo vimo katika wilaya moja.

Kadhalika watu wanatembea. Kabichi, viazi na matunda ya Mgeta huteremka hadi Morogoro na Dar es Salaam, na wachuuzi hurudi. Ardhi ya milimani imekuwa finyu, hivyo familia nyingi hulima pia mpunga na mahindi huko chini. Vimelea havihitaji kupanda mlima kwa mabawa ya mbu. Hupanda katika damu ya msafiri. Ikiwa huko juu wapo mbu, na joto la nyumba latosha, msafiri mmoja aweza kuwa chanzo cha wagonjwa wengi.

Hapo ndipo lilipo suala la sera ambalo wananchi wana haki ya kulijadili. Tanzania Bara imepiga hatua. Kiwango cha watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea kilikuwa asilimia 18 katika uchunguzi wa miaka 2007 na 2008, kikashuka hadi 9 katika ule wa 2011 na 2012, kikapanda tena hadi 14 katika ule wa 2015 na 2016, kikawa 7 mwaka 2017 na 8 mwaka 2022. Namba hizo zinashuka na kupanda; hazitelemki kama maji. Vifaa vinapokuwa haba, ni rahisi kusema kwamba vijiji vya juu havina malaria, basi navyo visipewe kitu.

Hoja hiyo haikosi uzito. Chandarua kimoja Kilombero huokoa zaidi kuliko chandarua kimoja Nyandira, na taifa lenye mahitaji mengi halina budi kuchagua. Wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa shule ya jambo hili: kampeni ya vyandarua vyenye dawa iliyofanyika huko mwishoni mwa miaka ya 1990 iliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa mtoto kubaki hai. Lakini kutoka hapo haifuati kwamba mlima uachwe. Yafuatayo ndiyo yanayofuata: mlima upewe kitu cha namna nyingine. Tambarare wanahitaji vyandarua kwa wingi. Milimani wanahitaji macho. Kila zahanati ya juu iwe na vipimo vya haraka na dawa mseto wakati wote, hata kama mwezi mzima umepita bila mgonjwa. Kila mgonjwa aulizwe swali moja: je, katika majuma matatu yaliyopita alilala wapi? Akiwa alilala Kilosa au Ifakara, huenda ugonjwa umeletwa. Akiwa hakuondoka kijijini, huenda mlima wenyewe umeanza kuambukiza, na habari hiyo yapasa kufika wilayani siku ile ile. Mahali penye wagonjwa elfu moja, mgonjwa mmoja ni tarakimu. Mahali penye wagonjwa watatu, kila mmoja ni kengele.

Kazi ya shule

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kiasi cha milioni mbili nchini kote, wakasikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana kuhusu maradhi, malaria ikiwamo, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Fundisho lake bado ni zima: elimu ya afya hushika pale mtu anapoifanyia kazi kwa mikono yake. Shule za sekondari za Uluguru zina nafasi ambayo hata maabara kubwa za nchi hazina. Zimepangika mlimani kama ngazi, moja chini, moja katikati, moja juu, nazo zina vijana wenye macho makali na walimu wa biolojia, jiografia na hisabati.

Shule moja moja yaweza kuanza na kipimajoto kilichowekwa kivulini na kingine ndani ya nyumba ya kawaida, pamoja na chombo cha kupimia mvua. Vipimo visomwe kila siku kwa saa ile ile na kuandikwa katika daftari lisilopotea mwalimu anapohama. Mara moja kwa mwezi wanafunzi wazunguke kijijini kuhesabu madimbwi yenye viluwiluwi, na wajifunze kumtambua kiluwiluwi wa Anopheles, ambaye hulala sambamba na uso wa maji, tofauti na wa mbu wengine wengi ambao huning'inia wakiwa wameinamisha kichwa. Zahanati nayo iombwe kutoa hesabu ya mwezi pasipo kutaja jina la mgonjwa. Kisha yote yachorwe katika grafu moja: joto, mvua, mazalio, wagonjwa.

Grafu ya mwaka mmoja haitathibitisha neno, na mwalimu mwaminifu atawaambia wanafunzi wake hivyo. Ya miaka mitano itaanza kusema. Ya miaka ishirini itakuwa hazina ambayo hakuna mtaalamu wa nje awezaye kuinunua, kwa sababu miaka iliyopita haipimwi tena. Ubishi wa Kericho ulidumu kwa muda mrefu kwa sehemu kubwa kwa kuwa kumbukumbu zilizoaminika zilikuwa chache, na chache hizo zilitegemewa na kila upande.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Uluguru ufa bado ni mdogo, na wenye kuuona mapema zaidi ni wale wanaoishi kando yake. Baridi imewapa watu wa mlima muda, wala haikuwapa zaidi ya hapo. Muda huo ukitumika kupima, kuandika, kutibu upesi na kufukia madimbwi, malaria ya milimani yaweza kubaki ugonjwa wa wageni. Ukitumika kulala, siku itakapofika hakuna atakayeweza kusema kwamba hesabu haikumwonya.